Kalenda ya Saa za Kazi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara na Ofisi za Lamu

Ukurasa huu ni wa yule aliyekabidhiwa programu ya mtiririko wa kazi, ile inayopitisha maombi hatua kwa hatua na kuyahesabia makataa, na kuambiwa aijaze saa za ofisi yake. Kazi hii naifanya Amu (mji wa Lamu), Shela na Mokowe, kwa ofisi ndogondogo, gesti na karakana za boti, na maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikikaa barazani na mwenye ofisi.

Jambo moja kabla hujaendelea kusoma: palipoandikwa kwa tarakimu, kama 08:00, hiyo ni saa ya programu. Palipoandikwa kwa maneno, kama saa mbili asubuhi, hiyo ni saa yetu. Na palipoandikwa saa 8, bila nukta mbili, huo ni muda. Kwa nini nimelitanguliza, utaliona hapo chini.

Kalenda hii ni ya nini, ikiwa kompyuta ina saa yake?

Saa ya kompyuta haijui kulala. Ukiiambia "ombi hili lijibiwe ndani ya muda wa saa 8", itahesabu saa 8 mfululizo, usiku na mchana, ofisi imefungwa au imefunguliwa. Kalenda ya saa za kazi ndiyo inayoiambia ihesabu lini na isimame lini.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Ombi limeingia Alhamisi saa kumi jioni, na makataa yake ni saa 8 za kazi. Bila kalenda, muda unakwisha saa sita usiku wa siku hiyohiyo, na karani akifungua ofisi asubuhi anakuta ameshachelewa. Kwa kalenda inayokuja na programu nyingi, yaani Jumatatu hadi Ijumaa, 09:00 hadi 17:00, makataa yanaangukia Ijumaa saa kumi jioni. Sasa weka kalenda ya ofisi halisi ya hapa: Jumatatu hadi Alhamisi 08:00 hadi 13:00 na 14:00 hadi 17:00, Ijumaa 08:00 hadi 12:00 na 14:30 hadi 17:00, Jumamosi na Jumapili imefungwa. Alhamisi inachukua saa 1. Ijumaa asubuhi saa 4, alasiri saa 2 na nusu. Imebaki nusu saa, nayo inaisha Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi.

Ombi ni moja na karani ni mmoja, lakini makataa yametoka matatu. Ndiyo maana huwa nakataa kuanza kuchora hatua za kazi kabla kalenda haijakaa sawa.

Kwa nini nisiitumie hiyo iliyokuja na programu, kisha nirekebishe baadaye?

Kwa sababu "baadaye" huja baada ya mtu kulaumiwa. Ripoti ya mwezi wa kwanza ndiyo anayoiona mkubwa wa ofisi, na ikionyesha kuwa dada wa mapokezi amechelewesha maombi 14, hakuna atakayekumbuka kuuliza kama programu ilikuwa ikimhesabia muda wa Sala ya Ijumaa. Nimemwona mtu akijieleza kwa kosa ambalo si lake. Tafadhali, kalenda itangulie.

Tunajaza saa za Kiswahili au za Kizungu?

Jaza za saa 24, kila mara, hata kama nyote ofisini ni Waswahili watupu. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa saba mchana ni 13:00, saa kumi na moja jioni ni 17:00.

Hili nimejifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwachia karani wa ofisi moja ajaze saa mwenyewe. Ofisi ilifunguliwa saa mbili ikafungwa saa kumi na moja, mapumziko saa saba hadi saa nane. Akaandika 2:00 hadi 11:00, mapumziko 7:00 hadi 8:00. Programu ikapokea bila kulalamika: kwake watu wale walikuwa wakiingia kazini usiku wa manane na kuondoka kabla ya adhuhuri. Kilichotuponza ni kwamba jumla ilikuwa sahihi kabisa. Saa 8 kwa siku, saa 40 kwa wiki, kama ilivyoandikwa kwenye mkataba. Nilikagua jumla, nikaridhika, nikapanda boti kurudi nyumbani.

Wiki tatu baadaye ndipo tukagundua. Ombi lililoingia saa sita mchana halikuanza kuhesabiwa mpaka saa nane usiku, na alfajiri, ofisi ingali na kufuli, programu ilikuwa imeshakula nusu ya muda wa mtu. Tangu hapo sikagui jumla peke yake. Nakagua saa ya kuanza, nikimuuliza mtu mbele ya skrini: "Hapa pameandikwa 08:00. Hiyo kwako ni saa ngapi?"

Kuna na utata wa pili, nao ni wa lugha yenyewe. "Saa nane" ni wakati, na "saa nane" ni kipimo cha muda. Wengi hutofautisha kwa kusema "masaa manane", na walimu hulikataza neno hilo, lakini kwenye fomu za ofisi haja ya kutofautisha ni ya kweli. Mimi huweka visanduku viwili: *wakati*, unaojazwa kama 14:00, na *muda*, unaojazwa kama saa 8. Mtu akiona neno "muda" hakosei.

Programu inauliza siku ya kwanza ya wiki kwa nambari. Niandike ngapi?

Usijibu kabla hujajua inahesabu kuanzia wapi. Majina yetu yanahesabu kuanzia Jumamosi, siku ya mosi ya juma, ndiyo maana Jumatatu ni ya tatu. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, ISO 8601, kinaiita Jumatatu ya 1 na Jumapili ya 7. Lugha ya kuandikia programu ya JavaScript inaipa Jumapili 0. Fomula ya WEEKDAY ya Excel, usipoiambia vinginevyo, inaipa Jumapili 1. Kijana anayeandika "3" akimaanisha Jumatatu, kwa hesabu ya ISO ameianzisha wiki Jumatano.

Kama unatumia Excel kuhakiki, fomula ya WORKDAY.INTL inapokea mstari wa tarakimu saba unaoanzia Jumatatu, 1 ikiwa ni siku ya kufunga na 0 ni siku ya kazi. "0000011" ni Jumamosi na Jumapili. "0000100" ni Ijumaa peke yake. Fomula hiyo inahesabu siku nzima tu, saa haizijui, kwa hiyo haitakusaidia na nusu siku.

Ijumaa tuifanyeje?

Igawe vipande viwili, asubuhi na alasiri, na uache nafasi ya Sala katikati. Usiandike mapumziko ya chakula ya kawaida ukatarajia watu watajipanga. Katika mji wa Amu watu wanaoga, wanabadilisha nguo, wanakwenda msikitini, wanarudi nyumbani kula. Kuanzia saa sita hadi saa nane na nusu hesabu kwamba hakuna mtu mezani. Mokowe na Mpeketoni ofisi nyingine zina watu wa dini mbalimbali, na huko ni haki kuuliza: je, kuna zamu itakayobaki dirishani? Ikiwa ipo, kalenda ya dirisha ni tofauti na kalenda ya wafanyakazi. Programu nzuri itakuruhusu kuwa na zote mbili.

Mlinzi wetu anaingia jioni na kutoka asubuhi. Programu inakataa 18:00 hadi 06:00.

Programu nyingi haziruhusu saa ya mwisho iwe ndogo kuliko ya mwanzo. Vunja zamu vipande viwili: Alhamisi 18:00 hadi 24:00, na Ijumaa 00:00 hadi 06:00. Ikikataa 24:00 na kutaka 23:59, unapoteza dakika moja kila usiku. Si nyingi, ila ijue, isije ikakushangaza kwenye ripoti.

Kubwa zaidi ni jina la usiku wenyewe. Kwa wazee wetu siku huanza jua likitua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao programu inauita Alhamisi usiku. Nilimsomea mlinzi mmoja wa gesti Shela, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, ratiba yake mpya.

"Ami, usiku wa Ijumaa u zamu."

"Haya, mwanangu. Ndio huo wa kuamkia Ijumaa?"

"La, Ami. Ule wa kuamkia Jumamosi."

Akacheka. "Basi huo si wa Ijumaa."

Na kwa hesabu yake alikuwa sahihi. Sasa kwenye ratiba zote naandika "kuamkia": *usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14*. Hakuna anayekosea zamu.

Sikukuu za taifa zinatoka wapi, na nizijaze mara ngapi?

Jaza kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili, kwa mkono, ukiwa na orodha ya Sheria ya Sikukuu za Umma mbele yako. Zisizohama zinajulikana: 1 Januari, 1 Mei, 1 Juni, 10 Oktoba, 20 Oktoba, 12 Disemba, 25 na 26 Disemba. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zinafuata Pasaka ya mwaka. Idd-ul-Fitr inafuata mwezi.

Sheria ina kanuni ambayo faili za sikukuu za kupakua mara nyingi zinaisahau: sikukuu ikiangukia Jumapili, mapumziko yanahamia siku inayofuata ambayo si sikukuu tayari. Madaraka ya 2025 iliangukia Jumapili, ikapumzikwa Jumatatu tarehe 2 Juni. Krismasi ya 2022 ilikuwa Jumapili, tarehe 26 imeshachukuliwa, mapumziko yakasogea hadi tarehe 27. Ikiangukia Jumamosi haisogei.

Itambue sikukuu kwa tarehe, usiitambue kwa jina. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, katiba ya 2010 ikaiacha nje, mahakama ikairudisha 2017, na leo inaitwa Siku ya Mazingira. Kalenda iliyoifuata kwa jina imeshapotea njia.

Halafu kuna zile zinazotangazwa ghafla. Siku ya kupanda miti, 13 Novemba 2023, ilitangazwa siku chache tu kabla. Ile ya 10 Mei 2024, wakati wa mafuriko, ilitangazwa siku mbili kabla. Kwa hiyo hakikisha kuna mtu mwenye ruhusa ya kuongeza siku moja kwenye kalenda bila kumsubiri fundi atoke Mombasa.

Na Maulidi?

Haimo katika orodha ya taifa, kwa hiyo hutaikuta kwenye faili yoyote ya kupakua. Lakini Amu, Mfungo Sita ukifika na wageni wakajaa kwa ajili ya Maulidi ya Riyadha, ofisi nyingi zinapunguza saa, na gesti na mabaharia ndio kwanza wanaongeza. Mwulize kila mwenye ofisi. Iandike kama siku ya kipekee ya kalenda yake, si ya mji mzima.

Ramadhani tunabadilisha saa. Nifute za zamani?

Usifute. Nakili kalenda, iite "Ramadhani" na mwaka wake, badilisha saa, kisha uipe tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo tarehe za mwaka jana hazikufai mwaka huu, wala usiiambie programu "irudie kila mwaka".

Tatizo ni mwandamo. Huwezi kujua leo kama mwezi utakuwa wa siku 29 au 30. Mimi hujaza 30, kisha naiacha siku ya thelathini na alama ya kukumbusha. Mwezi ukionekana jioni ya siku ya ishirini na tisa, mtu anafungua simu, anaifunga siku ile, anaandika Idd. Kazi ya dakika mbili, lakini lazima mtu huyo awe amepangwa mapema, kwa jina.

Tumeahidi "siku mbili za kazi". Programu inataka saa. Ni saa ngapi?

Hapa ndipo nawaomba watu wakae chini wakubaliane kabla ya kugusa kitufe chochote. Ukisema siku moja ni saa 8, siku mbili ni saa 16. Ombi likiingia Alhamisi 08:00, kwa kalenda ya mfano wetu, Alhamisi inatoa 8, Ijumaa 6 na nusu, na saa 1 na nusu iliyobaki inaisha Jumatatu 09:30. Lakini mteja aliyeambiwa siku mbili Alhamisi asubuhi atakuja Ijumaa jioni, na atakuwa na haki.

Ushauri wangu: ahadi unayompa mtu wa nje ihesabiwe kwa siku za kalenda, mpaka saa ya kufunga. Vipimo vya ndani, vya nani alishika kazi muda gani, vihesabiwe kwa saa. Usichanganye viwili hivi kwenye makataa mamoja.

Tuchague saa za eneo gani?

"Africa/Nairobi". Kenya iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kulinganishia duniani, mwaka mzima na haibadilishi saa majira yoyote, kwa hiyo wengine huandika tofauti hiyo kwa nambari. Usifanye hivyo. Katika orodha ya majina ya saa za dunia kuna "Etc/GMT-3", na licha ya alama yake ya kutoa, hiyo ndiyo iliyo mbele kwa saa 3. Anayechagua "Etc/GMT+3" amejiweka saa 6 nyuma yetu.

Gesti za Malindi zina shida yao, kwa sababu wageni wao wengi ni Waitaliano, na wakala wao yuko Italia. Italia inabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakala anayefanya kazi 09:00 hadi 18:00 huko, kwa Malindi ni 11:00 hadi 20:00 wakati wa baridi yao, na 10:00 hadi 19:00 wakati wa joto. Mpe kalenda yake mwenyewe yenye "Europe/Rome", uiachie programu ihesabu. Ukimwandikia saa za Malindi kwa mkono, mara mbili kwa mwaka utakuwa umekosea.

Kosa jingine la aina hii: sikukuu iliyohifadhiwa kwa UTC. Inaanza saa tisa usiku kwetu na kuisha saa tisa usiku wa kuamkia siku ya pili yake. Ofisi ya mchana haitalihisi. Mlinzi wa usiku atalihisi kwenye malipo yake ya sikukuu.

Boti zetu zinafuata maji. Naweza kuweka kalenda ya maji?

Swali hili nalipenda, na jibu langu limebadilika. Mwanzo nilijaribu. Nilikwenda jeti kumwuliza nahodha wa boti ya mizigo ya Faza.

"Mzee, boti yaondoka saa ngapi?"

"Uliza maji, mwanangu, usiniulize mimi."

"Haya, maji yajaa saa ngapi?"

"Leo saa nane. Kesho saa tisa kasoro. Kesho kutwa saa kumi kasorobo."

Maana mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, boti yenye mzigo inapita maji yakijaa, na kujaa huko kunachelewa kwa dakika kama 50 kila siku. Kalenda ya wiki haiwezi kulibeba jambo hilo: Jumatatu hii na Jumatatu ijayo hazifanani. Nilijaza siku za kipekee za mwezi mzima kutoka kwenye jedwali la maji. Ikawa sawa kwenye karatasi, kisha kusi ikavuma siku nne na boti hazikutoka.

Sasa sifanyi tena. Karakana na wapokeaji mizigo nawawekea kalenda ya kawaida, na kwenye hatua za kazi naongeza hali moja: "inasubiri maji". Mzigo ukiwekwa katika hali hiyo, saa inasimama; boti ikitoka, nahodha au karani wa jeti anaiondoa, saa inaendelea. Kalenda ni ya yale yanayojulikana kabla. Bahari ina hali yake, na hali hubadilishwa na mtu anayeiona.

Majira marefu ni kitu kingine. Gesti inayofunga Mei na Juni kila mwaka kwa sababu ya mvua na kusi, hiyo ni kalenda, iandike.

Nikibadilisha kalenda leo, maombi yaliyo wazi yatakuwaje?

Inategemea programu, na lazima ujue kabla. Nyingine hupiga hesabu ya makataa mara moja, ombi linapoingia, na haziyagusi tena. Nyingine huhesabu upya kila kalenda inapobadilika. Jaribu na ombi moja la uongo.

Kwa hali zote mbili, usihariri kalenda ya zamani. Ifunge kwa tarehe, uanze mpya. Kafyu ya Covid ilipoanza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, zamu za usiku zilivurugika nchi nzima, na ilikaa mpaka Oktoba 2021. Aliyeandika saa mpya juu ya za zamani, ripoti zake za 2019 nazo zilibadilika.

Kwenye mchoro wa kazi nimeandika PT8H, mbona haifuati kalenda?

Kwa sababu PT8H katika ISO 8601 ni saa 8 za ukutani, na vipima muda vya michoro ya BPMN, kiwango cha kuchorea hatua za kazi, vinasoma hivyo. Kiwango chenyewe hakina saa za kazi. Iachie kalenda ipige hesabu ya tarehe ya mwisho kwanza, kisha kipima muda kipewe tarehe hiyo, kisipewe muda.

Nitajuaje kuwa nimeipatia?

Chukua karatasi na kalamu. Andika maombi matano: la Alhamisi jioni, la Ijumaa saa saba mchana wakati watu wako msikitini, la usiku wa kuamkia sikukuu, la Jumapili, na la siku ya mwisho ya Ramadhani. Piga hesabu kwa mkono pamoja na mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku, kisha ndipo uifungue programu mlinganishe. Likitofautiana hata moja, usiwashe.

Nani apewe ruhusa ya kuigusa kalenda?

Watu wawili, wasizidi. Mmoja wao awe anaishi hapahapa kisiwani na awe na simu yenye chaji usiku wa mwandamo.